Foleni ya Soseji

Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi.
Clive Hathersage wa kamati ya wazazi
anageuza soseji kwa koleo refu,
na moshi wa vitunguu unatufuata foleni nzima.
Kwetu kura ni lazima, asiyefika hutozwa faini.
Basi tumekuja wote, hata wenye kandambili,
hata mbwa.
“Tomato au haradali, Sista Noreen?”
Nasema haradali.
Nchi yangu ni nzuri namna hii.

Miaka sita iliyopita nilikuwa kisiwani,
kisiwa tulichokikodi kama mtu akodivyo stoo
ya vitu asivyotaka wageni wavione sebuleni.
Kazi yangu: kupanga dawa kwenye vikombe vya karatasi.
Kila kikombe na namba yake,
namba ya mashua kwanza, kisha ya mtu.
Siku ya tatu niliweza kumwita mtu Kumi na Saba
bila ulimi kukwama.

Yeye ndiye aliyenisahihisha, taratibu,
maana alikuwa mwalimu wa jiografia huko Vavuniya:
“Sista, mimi ni Sivanesan.”
Nilitazama mlango kwanza.
Kisha nikalisema.
Akafumba macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi utosini.

Figo zake zilitaka hospitali. Niliandika barua.
Ikarudi na muhuri: *Taja namba ya mgonjwa. Usitaje jina.*
Nikaandika nyingine. Nikaandika nyingine.
Nilikuwa nimesaini karatasi ya kunyamaza;
haya ninayosema, nayasema nikiwa na soseji mkononi.

Nikarudi nyumbani nikidhani aibu haijui kuogelea.
Kisha Machi, kituo cha polisi cha mji huu huu,
nyuma ya duka la mikate,
kijana wa miaka kumi na tisa,
aliyefungiwa kwa faini za baiskeli isiyo na taa,
alibonyeza kengele ya selo mara tisa.
Kengele haikuwa mbovu.
Hilo ripoti ililisifu.

Jina lake silitaji, wala si kwa woga.
Bibi yake, Dulcie, ambaye watu wake walikuwa hapa
kabla ardhi haijapimwa kwa mnyororo,
alikuja kliniki akanieleza:
kwao jina la marehemu hulazwa naye kwa muda.
Hata wajina wake pale shuleni
wamempa jina la kuazima.

Tangu hapo hesabu hii inaninyima usingizi:
kule walimpokonya mtu jina angali hai;
hapa jina limetunzwa,
aliyepokonywa ni mtu.

Februari waziri wetu alikuwa Geneva, tai ya buluu,
akizisomea nchi nyingine makosa yao.
Sisemi alidanganya. Yote yalikuwa kweli.
Hata nyani husema kweli
anapolitaja kundu la mwenzake.

Foleni inasogea. Kibanda cha kadibodi,
penseli imefungwa kwa uzi.
Karatasi yetu haitaki alama ya vema,
inataka namba, moja mpaka saba,
kila namba ndani ya kisanduku chake.
Naandika moja. Naandika mbili.
Kwenye cha tatu mkono unagoma.
Nakitazama kisanduku:
kuta nne, hakuna dirisha.
Nyuma yangu mtu anakohoa.
Najaza. Ndiyo, nilijaza yote,
na sitajifanya kwamba nilifanya jambo jingine.

Natoka, namkuta Dulcie mezani,
amevaa fulana nyeusi isiyo na maandishi.
“Jina lako kamili?” anauliza karani,
kijana mwenye chunusi, mpole.
Naye analitaja lake herufi kwa herufi,
polepole, kama anayehesabu chenji yake dukani.
Kijana analitafuta daftarini, analipata,
anatabasamu,
anaweka rula
na kulipigia mstari.